Matanga ya Wamarekani

Chuo ninachofundisha mjini Gitega kina ghorofa mbili, na bango la kukitangaza ni pana kuliko ghorofa zote mbili. Mambo yetu mengi hufanywa kwa kipimo cha lile bango. Kwa hiyo alipokuja mwalimu mgeni kutoka Marekani, mwanamke mweusi wa rika la mama zangu wadogo, kutusaidia kufundisha Kiingereza kwa muhula mmoja, mkuu wa kitivo hakuona inatosha kumpa chaki na ufunguo wa ofisi. Aliwakusanya wanafunzi uani, akamkumbatia mbele yao, akatamka kwa sauti ya kutetemeka, "Karibu nyumbani, dada yetu! Karne zote hizi tulikuwa tunakungoja!" Kesho yake akamtuma kwenye foleni ya wageni kuomba kibali cha kukaa nchini, na dada yetu akasimama pale asubuhi nzima, mbele yake Mchina anayeuza pikipiki, nyuma yake padri kutoka Ulaya.

Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa na nyongo. Mimi pia ni mtu niliyerudi nyumbani. Nilizaliwa Tanzania, kambini, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Huko ndiko nilikosomea, huko ndiko tulikomzika baba, kisha tukarudishwa Burundi mimi na mama kwenye lori, tukiwa na magodoro yetu na masufuria yetu. Hakuna aliyetetemesha sauti. Kilimani, yaani kijijini kwa akina baba, kule Muyinga, tuliulizwa tumerudi kufanya nini. Mjini nilichekwa kwamba naongea Kirundi kama mtu aliyekisoma kitabuni. Nikajifunza kwamba ukitaka kupendwa na ndugu zako, potea kwa karne nne, usipotee kwa miaka thelathini.

Mgeni mwenyewe hakuwa na makuu. Alitueleza kwamba kwao, mwezi wa pili wa kila mwaka, vyuo huadhimisha historia ya Wamarekani weusi: watu husoma, huimba, hupika vyakula vya bibi zao, na vijana husimuliwa habari za waliowatangulia. Akauliza kama sisi nasi tungependa kufanya kitu kidogo, darasani, pamoja na wanafunzi wa klabu ya Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Hilo neno "kidogo" nililitafsiri kwa uaminifu wote, nikalirudia mara ya pili, na bado lilifia mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa kitivo.

Kamati iliundwa siku hiyo hiyo. Alikuwamo mkuu wa kitivo, alikuwamo katibu wa chuo, nilikuwamo mimi, na aliitwa pia mama mmoja Mkongomani, mfanyabiashara kutoka Uvira, jirani yangu huku mtaani Musinzira. Yeye ndiye mwenye maturubai na viti vya kukodisha, na mjini kwetu hakuna furaha wala msiba unaoweza kufanyika bila ruhusa yake. Ndiye aliyeuliza swali lililoharibu kila kitu.

"Mwalimu, mi siwezi tandika viti bila kujua. Kama iko dot, watu ba mahari, natandika pande mbili, zinaangaliana. Kama iko diplôme, watu ba kumaliza masomo, natandika pande moja. Sasa hii fête yenu iko ya nini?"

"Ah oui, faut préciser, lazima ijulikane," alisema mkuu wa kitivo, akanigeukia. "Muulize madame. Iko fête ya aina gani?"

Nikamuuliza. Mgeni akafikiri, akajibu kwamba ni siku ya kuwakumbuka waliokufa kabla hawajahesabiwa kuwa watu. Tunasema waliyoyapitia, tunaimba, tunakula pamoja, halafu tunaendelea na kazi waliyotuachia. Nilipomaliza kutafsiri, katibu aliweka kalamu chini. Huyu bwana amehudhuria misiba mingi kuliko vikao vya chuo.

"Mais attendez," akasema. "Hiyo iko levée de deuil. Iko kuganduka, tout simplement."

Chumba kizima kikashusha pumzi, kama watu waliompata mbuzi aliyekuwa amepotea.

Kuganduka ni kile ambacho Waswahili wa Tanzania walionilea hukiita kuanua matanga, ila Warundi wamekikuza kikawa karibu sawa na harusi. Mtu akizikwa, msiba wake haujaisha. Unapita mwaka, au miaka, kisha ukoo unakusanyika chini ya turubai, kreti za bia na fanta zinapangwa, picha ya marehemu inawekwa mezani kati ya maua. Mkubwa wa familia anasimama na kusema marehemu alikuwa nani na amemwacha nani. Akishamaliza anatangaza kwamba majonzi yametosha, watu warudi kwenye kazi zao. Siku hiyo ndiyo mjane anaitwa mjane mbele za watu, na watoto wanaitwa watoto. Kabla ya hapo, kila kitu cha marehemu kimelala, hakiguswi.

Nilimweleza mgeni haya yote. Alinisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo mtu atasimama na kuwaambia watu wangu kwamba sasa wamelia vya kutosha?"

"Ndiyo hivyo."

"Kwetu wako wengi wanaotuambia hivyo," akasema. "Ila wao hawaleti vinywaji."

Akakubali. Nafikiri alikubali kwa sababu alitaka kuona tutafika wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka vilevile.

Tulifika mbali. Kwanza ilitakiwa picha ya marehemu, kwa kuwa hakuna kuganduka bila picha. Mgeni alikuwa na picha ya bibi wa bibi yake: mwanamke mzee ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, anamtazama mpiga picha kama mtu anayemdai maelezo. Kamati ikaikuza mpaka ikawa kubwa kama mlango, ikaizungushia maua ya plastiki, na chini yake yakaandikwa kwa rangi ya dhahabu, "Pumzika kwa amani, mpendwa wetu." Mgeni alisema bibi huyo alikufa kitandani kwake, kizee kabisa, ameshiba siku. Katibu akamjibu kwamba hilo si neno, kila maiti ni maiti.

Halafu ukazuka ugomvi wa nani ni wafiwa. Kwenye kuganduka kuna turubai la familia na turubai la waalikwa, na turubai la familia ndilo linalopata nyama kwanza. Mkuu wa kitivo alikuwa amejiandikia kiti cha mbele katika turubai la familia. Mama wa maturubai akakataa katakata kulifunga.

"Bale batu balitokaka kwetu Congo! Nyinyi Barundi mulikuwaka huku ndani ya milima, nani angekuja kubabeba? Famille iko sisi. Nyinyi muko bageni, mukae upande wa bageni."

"Maman, quand même! Chuo kiko Burundi!"

"Chuo kiko Burundi, maiti iko ya Congo!"

Wanafunzi Wakongomani, ambao tangu mwanzo wa mwaka walikuwa hawajaonekana kwenye klabu ya Kiingereza hata kwa dawa, walikuja wote kudai marehemu wao. Ilichukua kikao kizima kupatana. Turubai la familia likagawanywa katikati kwa kamba ya katani, Wakongomani kushoto, Warundi kulia, na kila upande ukaahidiwa sahani zake. Tulipokuwa tunatoka ndipo nilipogundua kwamba mgeni, mzao wa marehemu, hakupangiwa kiti popote. Akawekwa na waalikwa, karibu na spika.

Kikabaki kitu kimoja, mkubwa wa familia. Chuo kikasema kitaleta msemaji bora kuliko wote, mzee anayeitwa kuzungumza kwenye mahari na misiba kuanzia Muyinga mpaka huku Giheta. Katibu akataja jina lake. Alikuwa baba yangu mdogo.

Lazima niseme habari zake, na nitazisema bila kuzipaka asali. Baba alikimbia kutoka Muyinga akiwa kijana, akamwacha mdogo wake kilimani pamoja na safu ya mibuni aliyoipanda kwa mikono yake juu ya kijito. Huko kambini akakutana na mama, wakaoana, nikazaliwa, na huko huko maradhi yakamchukua. Tuliporudi, baba mdogo alituonyesha mahali pa kujenga kibanda, pembeni kabisa, penye mawe. Hakusema sisi si ndugu. Yeye ni mtu wa maneno, anajua neno likishatoka halirudi. Alichofanya ni kukataa kuanua matanga ya kaka yake.

Kila kiangazi mama alimwendea na kumwomba, naye kila kiangazi alikuwa na jibu. Mara kahawa haijauzwa, mara ukoo haujatulia. Mwishowe akapata jibu lisiloisha. "Sikuliona kaburi," alimwambia mama. "Nawezaje kuganduka mtu ambaye kaburi lake sikuliona? Na siku akitokea mlangoni?" Mama aliyemwosha mumewe kwa mikono yake alitakiwa asubiri kama atatokea mlangoni. Wakati huo huo, ile mibuni iliyolala kwa heshima ya marehemu ilikuwa ikivunwa na watoto wa baba mdogo, ili isiharibike, walisema.

Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hakwenda harusini, hakukaa na wanawake wenzake kwenye bia, na ile safu ya mibuni aliizunguka kwa mbali akienda kuteka maji. Watu wa kilimani walimwita "yule mama wa Tanzania." Alichotaka ni kitu kimoja: mtu wa ukoo ule asimame mbele za watu aseme huyu alikuwa mke wa ndugu yetu. Mibuni ilikuwa jambo la pili, ingawa sitadanganya kwamba ilikuwa jambo dogo.

Sikumwambia mama chochote kuhusu sherehe yetu. Baba mdogo ndiye aliyemwambia, kwa kuwa hakuweza kuizuia midomo yake: alitembea kilima kizima akitangaza kwamba ameitwa makao makuu ya nchi kuganduka Wamarekani. Asubuhi ya siku yenyewe nikasikia hodi mlangoni kwangu Musinzira. Mama alikuwa amesimama na kikapu cha maharage, ametoka Muyinga kwa gari la kwanza.

"Umekuja kufanya nini, mama?"

"Nimekuja kusikiliza," akasema. "Wanasema shemeji yangu anazungumza vizuri."

Nilimsihi akae nyumbani apumzike. Akaulizia njia ya chuoni.

Sherehe ilianza kwa kuchelewa, kama inavyotakiwa. Vijana wetu walikuwa wamejitayarisha kuwa Wamarekani weusi kwa jinsi walivyowajua kwenye simu zao: miwani myeusi chini ya mawingu ya mvua, kofia zimegeuzwa nyuma, na shingoni minyororo ya baiskeli iliyopakwa rangi ya dhahabu. Mmoja alionyesha mpira wa kikapu kwa mpira usio na upepo, akawa anaupiga chini na kuinama kuuokota. Mwingine alisoma insha inayoanza, "Sisi tuliochumishwa pamba," na alipofika mahali pa mateso akalia kwelikweli, kwa kuwa mnyororo ulikuwa unamkata shingo. Mkuu wa kitivo alipiga makofi kila baada ya sentensi. Mgeni alikaa wima karibu na spika, na mara moja moja niliona bega lake linatikisika, sikujua ni kwa kicheko au kwa nini.

Kisha akaitwa yeye, na hapo mizaha ikakaa pembeni kidogo. Alisimama kando ya picha, akasema huyu bibi alizaliwa utumwani, na mama yake akauzwa mbali yeye akiwa mtoto wa kushika nguo. Uhuru ulipokuja, bibi huyu, msichana bado, aliondoka kwa miguu kumtafuta. Alikwenda kanisa hadi kanisa. Kila Jumapili alimwomba mchungaji awaulize waumini kabla ya mahubiri: kuna anayemjua mwanamke wa jina hili, aliyeuzwa kutoka mahali hapa? Mchungaji akauliza, waumini wakatikisa vichwa, naye akaenda kanisa jingine. Alifua nguo za watu, akaolewa, akazaa, akazeeka, na bado alikuwa akiuliza. Hakumpata. "Kwa hiyo mnayemlilia leo," mgeni akasema, "si huyu kwenye picha. Ni yule aliyekuwa akitafutwa."

Nilitafsiri kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi changu cha kitabuni, na hakuna aliyenicheka. Kule nyuma, mama alikuwa amekaa na wapishi, amewekewa beseni la viazi kwa kuwa kwetu mama yeyote mgeni akikaa karibu na jiko hupewa kisu. Kisu chake kilikuwa kimesimama.

Ndipo baba mdogo akapanda jukwaani. Suti ya kijivu, fimbo ya madaha tu, maana miguu yake ni mizima kuliko yangu. Alizungumza Kirundi, na mimi nilikuwa na maikrofoni ya pili, kazi yangu kumtafsiria mgeni kwa Kiingereza. Ni lazima nikiri, mtu huyu anajua. Alianza chini, akapanda polepole, akawachekesha, akawanyamazisha. Anapokaribia kilele huvua miwani, akapangusa jicho la kulia, akairudisha. Nimeiona miwani hiyo ikivuliwa kwenye mahari, kwenye msiba na kwenye uzinduzi wa bomba la maji.

"Wapo watakaouliza," alisema, "makaburi ya watu hawa yako wapi? Nani aliyaona? Yako chini ya bahari, yako kwenye mashamba ya ugenini. Mimi nawajibu: damu haiulizi kaburi!" Miwani ikavuliwa. "Asiyemwanulia ndugu yake matanga eti kwa sababu hakuliona kaburi, huyo hakuwa ndugu. Huyo alikuwa anaangalia shamba tu!"

Maturubai yote mawili yakalipuka kwa makofi. Mama wa maturubai alipiga vigelegele, akasahau kwamba marehemu ni wa Congo. Mgeni akanigusa kiwiko. "Amesema nini?"

Nilikuwa na maikrofoni mdomoni. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hasira ya kutaka kumpiga mtu mzima kwa fimbo yake mwenyewe. Kisha nikatafsiri, neno kwa neno, na mgeni akaona uso wangu, akaacha kutabasamu.

Baba mdogo akaendelea na utaratibu. Kabla ya kutoa kinywaji cha kufunga msiba, msemaji huuliza kama kuna mtu wa familia aliyesahauliwa. Ni swali la heshima tu, hakuna anayelijibu. "Kama yupo wa ukoo ambaye sikumtaja," akasema akiwa amefungua mikono, "na ajitokeze sasa."

Mama akasimama. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akapita kati ya viti. Mama wa maturubai akajaribu kumzuia, "Mama, chakula bado!" Mama akampita. Akafika mbele, akasimama chini ya ile picha kubwa, mikono ameikunja kifuani kama wanavyosimama wanawake wa kwetu mbele ya wakubwa. Hakuwa na maikrofoni, lakini yangu ilikuwa karibu, nikaisogeza.

"Shemeji," akasema, "umemsahau mmoja."

Akataja jina la baba yangu. Akataja jina la baba yake baba yangu, na la kilima.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo wa kuigiza, na walisema baadaye kwamba ulikuwa mzuri kuliko ule wa mpira. Mkuu wa kitivo akaniinamia. "Hii iko ndani ya programme?"

"Iko," nikamwambia.

Baba mdogo alishusha mikono aliyokuwa ameifungua. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mtu wa kawaida, mzee mwenye tai iliyopinda. Alimtazama mama, akautazama umati uliokuwa umemshangilia sasa hivi, akanitazama mimi na maikrofoni yangu. Asingeweza kusema hakuliona kaburi. Mate ya ile hotuba yalikuwa bado mabichi mdomoni mwake.

Kisha kazi yake ikamwokoa, kama inavyomwokoa siku zote. "Nilikuwa na kaka," akaanza, chini kabisa. "Alikufa ugenini. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto." Akapanda polepole. "Huyu mnayemwona ndiye mke wake. Yule mwenye maikrofoni ndiye mtoto wake." Miwani ikavuliwa, jicho la kulia likapanguswa, miwani ikarudi. "Majonzi yametosha. Warudi kwenye kazi zao." Akamimina bia kwenye glasi, akampa mama kwa mikono miwili.

"Sasa anamzungumzia nani?" mgeni akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba yangu."

Aliinuka kwenye kiti chake cha waalikwa, akaenda kusimama kando ya mama, bega kwa bega, mpaka mama alipoimaliza glasi yote. Mimi nililia mbele ya wanafunzi wangu, na hata nikilia nilikuwa bado na hasira, kwa sababu alikuwa amesema vizuri mno. Nilitaka ashikwe na kigugumizi.

Tulipokuwa tunarudi Musinzira jioni ile, nilimwambia mama nisichopaswa kumwambia. Nilimwambia maneno yale ni yale yale kwa kila maiti, na hata chozi lile lina mahali pake.

"Machozi yake abaki nayo," mama akasema. "Mimi nilitaka mdomo wake, na watu wakiwa wanasikia."

Mkuu wa kitivo aliandika taarifa kwa wakubwa wake kwamba chuo chetu, cha kwanza katika ukanda huu, kimehitimisha rasmi majonzi ya Wamarekani weusi. Mgeni aliponisikia nikiitafsiri alicheka mpaka akaketi sakafuni, akaomba nakala awapelekee ndugu zake wajue.

Baba mdogo naye alirudi Muyinga na maelezo tayari. Kwenye kilabu cha pombe aliwaambia watu wasisikilize uvumi: mambo ya chuoni ni mambo ya chuoni, yale yalikuwa matanga ya Wamarekani. Bahati mbaya wanafunzi wetu hawaachi kitu bila kukipiga video, na kilima kizima kilikuwa kimeshamwona akimpa shemeji yake glasi kwa mikono miwili. Watu wakamtaka aseme tena ile ya kuangalia shamba.

Mama, akiwa amesharudi kilimani, aliposikia alisema, "Basi mimi ni mjane wa Kimarekani. Lakini nimeshaambiwa nirudi kazini." Kesho yake asubuhi alichukua panga na mkasi wa kupogolea, akapanda juu ya kijito, akaingia kwenye safu ya mibuni ya baba. Peke yake, mbele ya macho ya kila aliyekuwa akienda shambani.

Nilimpigia simu mchana, moyo uko juu, nikijua baba mdogo hupita njia ile. Nikamuuliza kama amepita. Akasema amepita. Nikamuuliza kama alimsalimu.

"Hakunisalimu," mama akasema. "Alisimama kule juu, akatazama ninavyokata. Halafu akaniambia mibuni hiyo ina wadudu, nianzie ile ya chini, ndiyo kaka yake aliyoipanda kwanza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa na kazi, mwanangu," akasema, na nikasikia mkasi ukikata.